Shali za Inchi Sitini na Wifi Asiyenyamaza

Saa moja na robo asubuhi, ukungu umeziba dirisha kiasi kwamba mtu hawezi kujua kama jirani ameamka au amehama. Kwenye kiti cha mbao chenye mto mgongoni ameketi mwanamke wa miaka hamsini na sita, miguu ndani ya soksi mbilimbili, donge la uzi wa buluu mapajani, sindano yenye ndoano nchani mkononi. Hajaanza kufuma. Amefumba macho, anapumua taratibu.

"Subiri," anamwambia mwandishi ambaye tayari amefungua daftari. "Kwanza nijipime."

Hajipimi joto wala presha. Anapima kama ana kinyongo na mtu. Anawapitia mmoja mmoja: mume, hana neno naye. Jirani wa ukutani, wamesalimiana vizuri tu. Mwenye duka la uzi alimuuzia donge lenye mafundo, lakini hiyo ilikuwa Jumanne na imeshapoa. Mara kutoka jikoni inasikika sauti ya mwanamke mwingine ikiuliza ni nani katika nyumba hii aliyefunika sufuria kubwa kwa kifuniko cha sufuria ndogo, na kama hivyo ndivyo alivyofundishwa kwao.

Macho yanafumbuka.

"Basi tena," anasema. "Tuanze hivyohivyo. Leo nitalegeza kidole."

Mtaani wanamwita Bi Mkono, na jina hilo halina uhusiano na ubahili. Wafumaji wana lugha yao: mtu ana mkono mkavu au mkono mlegevu, yaani namna anavyouvuta uzi anapotengeneza kitanzi. Uzi uwe uleule, sindano ileile, hesabu ya vitanzi ileile, bado mwenye kukaza atatoa kitambaa kidogo kigumu, na mwenye kulegeza atatoa kipana kinachopitisha upepo. Wengi mkono wao huwa mmoja tangu ujana mpaka uzee. Wa Bi Mkono unafuata moyo. Akikasirika, uzi unakaza. Akifurahi, uzi unalegea.

Wahenga walisema hasira hasara, ila hawakusema ni hasara ya inchi ngapi. Yeye anajua.

"Sita," anasema. "Nikinuna tangu mwanzo wa shali hadi mwisho, sita zinakwenda. Nikicheka sana, sita zinaongezeka. Mungu kaniumba hivi, nifanyeje?"

Aligundua tatizo hili miaka minane iliyopita, alipofuma blauzi mbili za mapacha. Ya kwanza aliifuma wiki ambayo binti yake aliolewa. Ya pili aliifuma wiki iliyofuata, alipogundua kwamba waalikwa waliondoka na vikombe vyake kumi na saba. Pacha wa kwanza alipoivaa yake, ilimfika magotini akaigeuza gauni. Wa pili aliingiza kichwa na mkono mmoja, akakwama, ikabidi mama yao aite watu wamvute.

"Wale watoto wanafanana mpaka leo hii siwajui nani ni nani," anasema. "Lakini blauzi zao ungedhani moja ni ya mama na nyingine ya mwanasesere."

Kabla ya hapo hakuwa na shida hiyo kwa sababu hakuwa akitumia mkono. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi katika kiwanda cha masweta, akisimamia mashine iliyofuma mikono ya masweta kwa mamia, yote sawasawa. Kiwanda kilipofungwa alirudi na sindano ya mama yake mzazi, ambayo alikuwa ameitumia miaka yote kuzibulia bomba la jiko la mafuta.

Mwandishi anamuuliza tofauti kubwa aliyoiona kati ya mashine na mkono ni nini.

"Mashine haina wifi," anajibu bila kuinua macho.

Sasa hapa ndipo penye habari yenyewe. Wiki tano kabla ya asubuhi hii, metroni wa hospitali moja alikuja na agizo la shali kumi na nne kwa ajili ya manesi wake wa zamu ya usiku. Buluu zote, za sufu nzito, na kila moja inchi sitini kamili toka ncha hadi ncha. Metroni hakuwa akitania. Shali ikizidi sitini, ncha zinaburuzwa kwenye sinia la dawa. Ikipungua, mgongo unabaki nje na nesi anakohoa kuliko mgonjwa.

"Sare ni sare," metroni alimwambia. "Zikitoka sawa, utanifumia wodi zote, na mwaka hadi mwaka. Zikitoka kila moja na yake, nitakwenda dukani ninunue za mashine."

Kwa Bi Mkono hilo halikuwa agizo dogo. Miezi minne ya baridi ndiyo inayolisha miezi minane iliyobaki. Shali moja humchukua siku mbili na madonge manane ya uzi, na faida yake hainunui zaidi ya kuku wawili wakubwa. Wakati wa joto humjia mteja mmoja kwa mwezi, na mara nyingi huyo ana homa. Kupata kazi ya mwaka hadi mwaka ni kuacha kukodolea macho mawingu. Tena alikuwa na ndoto yake nyingine, ambayo aliitaja kwa sauti ya chini huku akiangalia upande wa jikoni: chumba cha kufumia, kidogo tu, chenye mlango na ufunguo.

Akafuma shali ya mfano, ikatoka sitini. Akaitundika ukutani kwenye msumari. Akafuma ya pili, sitini. Ya tatu, sitini. Siku aliyoianza ya nne, wifi yake akashuka na sanduku.

Wifi huyo ni dada mkubwa wa mumewe, mjane mwenye miaka sitini na tatu, mtunza ghala mstaafu. Kwa miaka thelathini alihesabu vijiko, mablanketi na ndoo za watu, na alipostaafu hakuna aliyemwambia aache. Alisema amekuja kwa siku mbili tatu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini katika nyumba isiyo na shamba jembe litatoka wapi? Siku ya tatu alijipa kazi mwenyewe: kuikagua nyumba.

"Mimi si mtu wa maneno mengi," anasema wifi kutoka mlangoni, akiwa na ufagio mkononi, kabla hajaulizwa chochote. "Lakini nyumba ina vijiko kumi na moja. Nani ana vijiko kumi na moja? Watu wana kumi na viwili, au hawana."

Shali ya nne ilitoka inchi hamsini na nne. Mume wa Bi Mkono ndiye aliyeipima. Yeye ni fundi saa, mtu mpole mwenye kioo cha kukuzia kilichofungwa kwenye paji la uso mchana kutwa, hata anapokula.

"Niliviangalia vitanzi vyake kwa kioo," anaeleza. "Nikamwambia, mke wangu, hapa mstari wa kumi na mbili ni dada yangu. Hapa wa thelathini, dada yangu tena. Hapa katikati pana nafasi kidogo, bila shaka alikuwa amekwenda sokoni."

Wakaifumua yote. Kufumua shali ya siku mbili ni kazi ya dakika kumi, na Bi Mkono anakiri kwamba alilia dakika zote kumi.

Ndipo fundi saa akatangaza sheria za nyumba. Habari mbaya zisitajwe mpaka jua lizame na sindano iwekwe chini. Habari nzuri nazo vilevile, kwa sababu wiki hiyohiyo jirani alileta keki ya kuzaliwa na shali ikaruka mpaka sitini na tano. Simu ya Bi Mkono ikazimwa na kutiwa ndani ya kopo la sukari tupu. Nyumba nzima ikawa inatembea kwa vidole, ikimtafutia mfumaji hali ya katikati: asihuzunike, asifurahi, asiwe na la kusema. Mume alikuwa akimletea chai isiyo moto wala baridi.

"Nilikaa kama mtu anayesubiri matokeo ya damu," anasema Bi Mkono. "Lakini shali zilitoka. Ya tano sitini, ya sita sitini. Ya tisa kidogo tu ilipungua, kwa sababu bomba la maji lilipasuka, na hilo huwezi kulificha, maji yenyewe yalikuja mpaka miguuni."

Sheria hizo zilimhusu kila mtu. Wifi alizikubali kwa moyo mkunjufu, maana, kama alivyosema, yeye si mtu wa maneno mengi.

Asubuhi hii tuliyomkuta, kumi na tatu ziko tayari, zimekunjwa kwenye kapu. Ya kumi na nne imefika katikati. Metroni anazitaka kesho. Bi Mkono anafuma, midomo inahesabu, na kila mara anasimama kupima kwa utepe: nusu shali inatakiwa iwe thelathini, nayo ni ishirini na tisa na robo. Swali la mwandishi kuhusu kufungwa kwa kiwanda ndilo limekula hiyo robo tatu, anasema, kwa hiyo maswali yawe ya kawaida, kama vile hali ya hewa.

Fundi saa anaingia na chai ya vuguvugu. Anainama kwenye sikio la mwandishi.

"Unaweza kutunza siri?"

Mwandishi anamjibu kwamba kazi yake ni kinyume cha hiyo.

"Jitahidi," anasema mzee. Jicho moja limeanza kulowa. "Binti yetu amejifungua. Miaka minane ya ndoa, mtoto wa kwanza. Wa kike. Juzi jioni, kabla ya siku zilizotegemewa. Nikimwambia sasa hivi, hii shali itatoka kama shuka la kitanda. Kesho metroni akishazichukua, namwambia. Nimebeba peke yangu siku mbili, mwanangu, kifua kinataka kupasuka."

Siri ikikaa vifuani vya watu wawili huanza kutafuta mlango. Huyu mzee alimwambia mwandishi, na kumbe jana alimwambia pia dada yake, ili apate mtu wa kulia naye. Wifi anaingia sasa na kikapu cha vitunguu, anakiweka mezani, anavuta kiti.

"Mimi si mtu wa maneno mengi," anaanza. Fundi saa anakohoa. "Wala sipendi kuingilia mambo ya watu." Fundi saa anakohoa zaidi. "Lakini huyo mtoto atapewa jina lini? Siku ya pili hii anaitwa mtoto, mtoto. Hata ndoo ghalani tulikuwa tunaziandika namba."

Sindano inasimama.

"Mtoto gani?" anauliza Bi Mkono.

Fundi saa anaanza kutafuta kioo chake mezani, chini ya meza, mfukoni, nacho kiko palepale kwenye paji la uso. Wifi anaangalia vitunguu kana kwamba ni vyenyewe vilivyosema.

"Nimeuliza, mtoto gani?"

"Wa kike," anasema mume kwa sauti ndogo. "Kilo tatu na kidogo. Mama yake mzima."

Kigelegele kinachotoka hapo kinamfanya jirani agonge ukuta kuuliza kuna nini. Kinapanda, kinapanda tena, halafu katikati kinakatika kama redio iliyoishiwa betri. Bi Mkono amemgeukia mumewe.

"Lini?"

"Juzi."

"Juzi! Siku mbili nimekaa hapa nakunywa chai ya maji ya kuogea, nami ni bibi wa mtu, na wewe umenyamaza? Na huyu mgeni wa gazeti naye anajua?"

Mwandishi anaona ni wakati mzuri wa kuandika kitu kwenye daftari.

Anachofanya baadaye Bi Mkono hakuna aliyekitegemea. Anakaa chini na kufuma. Hawezi kungoja, kesho ni kesho. Anafuma machozi yakimtoka, anacheka, anamtupia mumewe jicho, anakaza, anamkumbuka mjukuu, analegeza. "Kilo tatu!" anasema peke yake. "Siku mbili!" anasema mstari unaofuata. Hata wifi amenyamaza, na kwa mujibu wa mdogo wake hilo halijatokea tangu mwaka aliong'oa meno.

Saa kumi jioni anakata uzi. Fundi saa anaushika utepe, anautandaza toka ncha hadi ncha, anateremsha kioo machoni.

"Sitini," anasema. Anapima tena. "Sitini kamili."

Hasira na furaha zilikuwa zimevutana kwenye uzi mmoja, zikatoka suluhu.

Kesho yake metroni alizipima zote kumi na nne kwa utepe wake mwenyewe, huku Bi Mkono akiwa amesimama kama mwanafunzi. Alipofika ya tisa akasimama. Hamsini na tisa na nusu.

"Hii ilipatwa na nini?"

"Bomba lilipasuka, mama."

Metroni akaitazama, akamtazama na mfumaji. "Hata kwetu yanapasuka," akasema, akaikunja na kuiweka na wenzake. Kisha akaagiza nyingine ishirini na nne, katika wiki kumi, za inchi zilezile, na akatoa malipo ya mwanzo. Zikitoka sawa na hizi, alisema, kazi ni ya Bi Mkono mpaka atakapochoka mwenyewe.

Kabla hata ya kufika nyumbani, Bi Mkono alipitia kwa kinyozi mmoja mwenye chumba kitupu nyuma ya duka lake. Akalipa, akapewa ufunguo. Hatimaye mlango wake.

Wiki tatu baadaye mwandishi anamkuta humo. Chumba ni safi, dirisha linaangalia ukuta mweupe, na kutoka kwa kinyozi inasikika mashine ya kunyolea ikinguruma kwa upole. Hakuna sauti nyingine. Mtu angedhani atamkuta mfumaji akimshukuru Mungu. Amekaa na shali tatu mapajani, uso umemshuka.

"Pima," anasema.

Ya kwanza ni inchi sitini na nane. Ya pili sitini na tisa. Ya tatu ni sitini na tano, upande mmoja mwembamba na mwingine mpana, maana alijaribu sindano ndogo zaidi na katikati akasinzia.

Kwa nini asipunguze idadi ya vitanzi? Amejaribu. Anaionyesha ya nne, ambayo ni sitini kweli, lakini kidole gumba kinapita kati ya kitanzi na kitanzi.

"Hiki ni chandarua," anasema. "Nesi atavaa hiki na baridi itapita bila hata kupiga hodi. Wiki tatu zimekwisha, mwanangu, na sina hata moja ya kupeleka. Niliomba utulivu, nikapewa. Sasa utulivu unanifilisi."

Mlango unafunguliwa na fundi saa anaingia. Anaichukua shali ya kwanza, anaipeleka dirishani, anateremsha kioo. Anaangalia vitanzi vile kwa muda mrefu, kama anavyoangalia saa ya mteja kabla ya kutaja ugonjwa.

"Saa ina springi inayosukuma," anasema mwishowe. "Na ina kitu kingine kidogo kinachoizuia, tik, tik, tik. Watu wote wanaipenda springi, hakuna anayekipenda kile kinachozuia. Lakini kitoe uone. Springi yote inafunguka kwa mkupuo, mishale inazunguka kama feni. Mke wangu, tangu mjukuu azaliwe springi yako imekaza, nawe umetoa kinachozuia."

"Kiko wapi?"

"Nyumbani. Kinafunga sanduku."

Kumbe asubuhi hiyo wifi alikuwa amepita kwa kinyozi akitafuta chumba cha wifi yake, ili amletee maandazi. Vinyozi ndio waandishi wa habari wasio na mhariri. "Aa!" kinyozi alimpokea kwa furaha. "Kumbe wewe ndiye wifi anayekimbiwa!"

Bi Mkono hakusubiri kuvaa viatu vizuri. Alitembea barabarani na shali ya inchi sitini na nane mkononi, ikimfuata nyuma kama mkia, mumewe na mwandishi wakikimbizana naye.

Wifi ameketi ukingoni mwa kitanda, sanduku limefungwa kamba mara mbili kwa namna ya watu wa ghalani. Hainui uso.

"Miaka thelathini nimewahesabia watu vijiko," anasema. "Walininung'unikia, ndiyo. Lakini hakuna aliyekodi chumba kunikimbia."

"Wifi."

"Mimi si mtu wa maneno mengi, unanijua. Kwangu nikisema neno, ukuta haujibu. Marehemu alikuwa anajibu 'mm'. Watu walidhani hanisikilizi. Alikuwa anasikiliza, nilijua kwa ile 'mm' yake. Tangu aondoke hata hiyo hakuna. Nikasema nije kwa mdogo wangu, kuna watu wawili watajibu. Kumbe nawapunguzia inchi."

Bi Mkono anabaki amesimama mlangoni. Baadaye atakiri kwamba aliona haya mpaka masikio yakapata moto, kwa sababu katika wiki zile zote alikuwa amepima kila kitu kwenye nyumba ile isipokuwa upweke wa mgeni wake. Anakaa kitandani, karibu yake.

"Wifi, nimekuja kukuomba uje unikere."

Wifi anainua uso. "Nikukere?"

"Kidogo. Kila siku. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba."

"Mimi? Mimi nimkere mtu? Nilivyo mtu wa watu? Tangu nizaliwe sijawahi kumkera kiumbe, muulize mdogo wangu." Mdogo wake anaikagua dari. "Hata sijui watu wanakerana vipi. Na hiki ulichokishika ni kitu gani? Shali? Hii? Inaburuza vumbi la barabara nzima, angalia pindo lake. Kwenu mama yako hakukufundisha kwamba kitu cha mgonjwa hakiburuzwi chini? Sisi ghalani blanketi likigusa sakafu tu..."

Mkono wa Bi Mkono umeshaingia mfukoni na kutoka na sindano na donge la uzi. Anafuma palepale kitandani, uzi umekaza vizuri kabisa, na uso wake unang'aa.

"Endelea, wifi," anasema. "Blanketi likigusa sakafu?"

Sasa katika chumba cha nyuma ya kinyozi kuna viti viwili. Wifi hufika saa tatu kamili, hukagua kama kitasa kimepanguswa, kisha huketi kuviringisha uzi kuwa madonge, kazi aliyojipa mwenyewe, na donge lisilo duara kamili hulirudia. Anasema wakati wote. Saa saba mchana fundi saa huleta chai, ambayo siku hizi ni ya moto, na saa ya mapumziko inapofika Bi Mkono huwasha simu atazame picha ya mjukuu. Huyo mjukuu ana jina sasa, lakini wifi bado hajaridhika nalo.

Shali zile nne zimefumuliwa. Mpya tisa ziko kapuni, zote sitini. Zimebaki kumi na tano na wiki nne na siku tatu, na mtu anayejua hesabu ataona zinatosha vizuri tu. Mipango ya Bi Mkono haina makuu: azimalize ishirini na nne, ampelekee metroni, apande basi akambebe mjukuu. Kisha, kabla kipupwe hakijaisha, afume ya ishirini na tano, ambayo si ya hospitali.

"Ya wifi," anasema. "Alihesabu mablanketi ya watu miaka thelathini, na yeye mwenyewe hana hata shali ya kujifunika mabega. Nimemwona akija asubuhi amejikunyata."

Wifi anajifanya hakusikia. Analiviringisha donge mara tatu zaidi ya inavyotakiwa, anapangusa jicho kwa mkono wa blauzi, anakohoa.

"Kama ni yangu," anasema, "iwe sitini na mbili. Mimi mabega yangu si ya manesi wenu hawa, wembamba kama vijiti."

"Inawezekana," anasema Bi Mkono. "Sitini na mbili nazipata. Ila itabidi ninyamaziwe siku mbili."

Wifi anaitazama ile shali ya buluu iliyo mikononi mwa wifi yake, inavyoshuka, sufu nzito, mistari imenyooka. Anaangalia mabega yake mwenyewe, la kushoto, kisha la kulia. Anafikiri kwa muda mrefu, mrefu hata mashine ya kinyozi inasikika tena.

"Basi iwe sitini," anasema. "Sasa, kuhusu jina la huyo mtoto."